Nyama Yako, Mifupa Yetu

Suame, Kumasi
20 Septemba 1996

Dada Mazalo,

Salamu kwako, kwa shangazi, kwa mbuzi na kuku, na kwa mitungi yako ya pombe, maana najua nisipoisalimu utanuna. Mimi mzima. Nakula, nalala, naamka. Tunalala ndani ya kichwa cha lori bovu, mimi na wanagenzi wenzangu wawili, na mvua ikinyesha tunasukumana kugombea upande usiovuja. Barua hii anakuletea Saibou dereva. Mpe maji ya tangawizi. Pombe hanywi, na usimtanie.

Kazi yangu kwa sasa ni kupuliza mvukuto, kuzoa makaa na kumnunulia Fundi Twumasi chakula. Nyundo bado sijaigusa. Uwanja wake ni mkubwa: anarefusha chasi za malori, anafua springi, na watu wanatoka mbali kumfuata. Jina langu limewashinda, wamelikata kati, nimebaki Esso kama kituo cha petroli.

Unakumbuka siku uliyonikabidhi? Ulimwambia, Saibou akatafsiri, "Nyama yako, mifupa yetu." Fundi akacheka, akanywa ile chupa ya jini uliyomletea, akakupa mkono. Basi ujue neno lako amelishika upande wa nyama. Wiki ya kwanza moto ulinizimikia, akanichapa kwa mkanda wa feni ya lori mpaka shati likagandia mgongoni.

Kuna mwanagenzi mkubwa hapa anaitwa Sarpong, ana miguu mifupi na mdomo mrefu. Juzi alinijia kwa nyuma akanishika kiuno cha suruali, utani wao tu. Wewe unajua mtu akikushika hapo kwetu Lama amekuomba nini. Mikono yangu ilikwishafika kiunoni mwake kabla sijafikiri. Kisha nikakumbuka udongo nilioushika mpakani mbele yako nikaapa kwamba sitamwangusha tena mtu. Nikamwachia, nikakaa chini. Walicheka sana.

Dada, Tchalim anaendeleaje? Tulipoondoka alikuwa amelazwa kwa mama yake, miguu haisogei. Najua evala ni evala, anayeangushwa kwenye mieleka ya kuingia utu uzima hana kinyongo na aliyemwangusha, na ndivyo tulivyolelewa. Lakini mimi nilikuwa karibu kuliko wote. Niliisikia shingo yake. Niambie kama anakaa, kama anakula mwenyewe.

Mdogo wako,
Essozimna

*

Lama
3 Novemba 1996

Mdogo wangu,

Mitungi imepokea salamu zako, inakudai uje uioshe. Mbuzi mweupe amezaa pacha, mmoja amekufa. Mtama wa mlimani umekubali, wa bondeni tumegawana na ndege, na ndege hawakuona haya kuchukua fungu kubwa. Shangazi anakohoa. Mbwa wako bado anakwenda kukungoja njiani kila jioni, mjinga yule.

Sasa nisikilize. Unapigwa. Kwani ulidhani nilikuvusha mpakani ukabembelezwe? Baba yetu alijifunza kufua kwa babu, na mgongo wake uliuona mwenyewe wakati wa kuoga. Nyama huota tena. Kaza meno, puliza mvukuto, na siku watakapokupa nyundo wasije wakaona umesahau ni mtoto wa nani.

Nataka jambo moja tu. Nataka siku moja nisimame kwenye uwanja ule na chupa nyingine ya jini, nikuone umepiga magoti, umemwagiwa poda kichwani, Fundi anakukabidhi nyundo yako na kukuweka huru mbele ya watu. Ukitoka hapo, hata ukirudi Lama, hakuna atakayekuita mtoro. Kabla ya siku hiyo usirudi. Hata ukisikia nimekufa, usirudi.

Huyo Sarpong mwache. Mbwa akikubwekea, huinami ukambwekea.

Saibou nimempa karanga. Asipokufikishia zote, hesabu ni kwamba alikuwa na njaa, usigombane naye.

Mazalo

*

Suame
12 Januari 1997

Dada yangu,

Karanga zimefika, nusu. Habari za mwaka mpya? Shangazi amepata nafuu? Hapa vumbi la kaskazini limeingia, midomo imepasuka, tunajipaka grisi.

Barua yako nimeisoma hata imechanika kwenye mkunjo. Umenijibu ya mbuzi, ya mtama, ya ndege, ya kikohozi na ya mbwa. Ya Tchalim hukujibu. Sitakasirika, pengine ulisahau. Nauliza tena.

Huku wamekwishajua kwamba sipigani, na mtu asiyepigana hapa ni kama ngoma iliyoachwa barabarani, kila anayepita anaipiga. Ninapopita wanaitana: "Fungeni mbwa wenu, Mtogo anapita na njaa!" Hilo nacheka nao, mbwa wa kukaanga wana utamu wao, wasiojua shauri yao. Lakini mwezi wa Novemba Sarpong alifanya kitu. Alikitoa chuma kwenye moto, akakiacha kipoe rangi tu, kisha akaniambia, "Esso, niletee hicho." Chuma chekundu kila mtu anakikwepa, Dada. Cheusi ndicho kinachounguza. Ngozi ya kiganja ilibaki pale pale. Walicheka mpaka wakashikana mabega, na mimi nilisimama nikimtazama shingo. Nilijua hasa pa kumshika. Nikaingiza mkono kwenye ndoo ya maji, nikarudi kwenye mvukuto.

Sarpong ni mtoto wa dada yake Fundi, na kwa watu wa hapa mpwa ndiye mrithi. Kwa hiyo hakuna wa kumwambia.

Sasa furaha. Kiganja kilipopona, Fundi akanipa nyundo. Nilifua springi moja, ya kwanza, peke yangu. Fuawe yetu ya kufulia chuma ni kipande cha reli kilichosimikwa kwenye gogo. Fundi alisikiliza mlio, hakuitazama hata kuitazama, akasema, "Huyu mgeni ana mkono." Dada, nilitaka ungekuwepo. Ukatili wake wote, lakini mtu yule anakijua chuma, na akikusifu unajisikia umekua kimo.

Tchalim. Nasubiri.

Essozimna

*

Lama
2 Machi 1997

Essozimna,

Shangazi hajambo, kikohozi kimehamia kwangu. Mvua za kwanza zimetudanganya, zikanyesha siku moja zikatoroka. Nimefurahi kwa hiyo springi. Nimewatangazia wanywaji wangu wote, na aliyenuna nikampimia kidogo.

Usikie kutoka kwangu kabla Saibou hajakutilia chumvi. Kaka zake Tchalim walikuja hapa wamelewa, watatu, na michi ya kutwangia. Wamevunja mitungi yangu yote. Yote. Hata ule wa mama. Pombe ilikuwa jikoni inachemka, wakaupindua na mtungi ule, kukawa mto wa moto mpaka mlangoni. Mmoja nilimpiga na mwiko wangu mkubwa, akaokota meno yake mawili akaenda nayo. Wawili waliobaki walinipa ya kwangu, sina haja ya kukusimulia. Majirani walikuja wakatuamua.

Ni ulevi tu. Usiunganishe mambo. Watu wakilewa hutafuta pa kumalizia hasira, na nyumba ya mwanamke asiye na mume haina mlango mzito. Mitungi mingine nimekwisha kuagiza.

Wewe shika nyundo. Kila barua unaniuliza habari za watu. Uliza habari za chuma.

Mazalo

*

Suame
8 Juni 1997

Dada Mazalo,

Hujambo? Mimi sijambo. Pole kwa mitungi. Kazi ni nyingi. Usishangae mwandiko, nimeandikia juu ya goti.

Salimia wote. Mbwa mfunge asiende tena njiani.

Essozimna

*

Lama
29 Juni 1997

Essozimna,

Shangazi anakusalimu. Mvua imekaa sawa. Vijana wameanza kunyoa vichwa, mwezi ujao evala inaingia, na hapo ndipo salamu zangu zinapoishia.

Goti gani hilo? Mimi ndiye niliyekushika mkono ukaandika herufi ya kwanza kwa makaa ukutani. Barua yako imeandikwa na mtoto mdogo au na mkono wa kushoto, na wewe si mtoto mdogo. Mkono wako wa kulia uko wapi? Nimemkaba Saibou aniambie, akatazama pembeni akaomba maji.

Haya, tubadilishane. Nakupa langu, unipe lako.

Tchalim alikufa. Alikufa siku ya tatu, kabla hatujavuka mpaka, na habari ilinifikia njiani. Mimi nilijua. Ulipokuwa unaapa pale na udongo mkononi, nilijua. Nilijua nikikwambia utarudi mbio kupiga magoti kwa mama yake, na kaka zake wangekuchinja ungali umepiga magoti. Kwa hiyo nilinyamaza mpaka mpakani, nikanyamaza mpaka Kumasi, nikanyamaza kwenye kila barua. Nikasirikie, ni haki yako. Ningefanya hivyo tena.

Na kuna lingine. Wiki iliyopita Mama Tchalim alikuja kwangu. Mwaka mzima hakuwa amenisalimu. Alikaa kwenye benchi la wanywaji, nikampimia, hakunywa. Akasema, "Evala imenichukulia mwanangu, na evala haina kesi. Wanangu wanataka damu. Mimi damu ya nini? Damu hailimi. Shamba langu lina magugu. Mikono iliyomlaza Tchalim ije inilimie mpaka nife." Kisha akasema amewaita wanawe, akawaambia atakayekugusa atamvulia nguo hadharani, na unajua mama akimwonyesha mwanawe uchi wake ni laana, mtoto yule amekwisha.

Nikamjibu ndiyo. Nikamwambia, "Mdogo wangu ana mkono wa fundi sasa. Atakufulia na jembe."

Sasa nijibu. Mkono uko wapi?

Mazalo

*

Suame
20 Julai 1997

Dada,

Sina salamu leo, nisamehe.

Kwa hiyo alikufa. Nadhani nilijua tangu ile mitungi. Watu hawavunji mitungi ya mtu kwa ajili ya shingo iliyopona. Sikukasirikii. Nilikaa chini ya lori siku nzima, Fundi akaja akanipiga teke nitoke, nikatoka.

Sasa langu.

Ilikuwa Mei, mchana, uwanja umejaa. Kijana mmoja alikamatwa na stata ya gari chini ya shati. Wakaita mwizi. Hapa neno hilo likipigwa, kila mtu huja na kilichomo mkononi: spana, mnyororo, bomba, nondo. Alikimbia akaingia kwetu, damu inamtoka sikioni, akanishika mguu. Sijui kwa nini mimi. Alikuwa wa umri wa Tchalim. Alikuwa analia kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, ila neno la mama unalitambua katika lugha yoyote.

Sarpong akanitupia bomba. "Piga, Mtogo! Leo tuone uko upande gani!"

Nilifikiri kama mtu wa Lama, Dada. Ndilo kosa langu. Kwetu mtu akishagusa ardhi kwa mgongo, imekwisha. Hata awe adui wa babu yako, unatoa mikono, unamwinua, unamfuta vumbi. Hakuna mkono unaomfuata aliyeanguka. Nikaona njia ya kumwokoa. Nikavunja kiapo. Nilimshika kiuno yule kijana, nikamwangusha chali, polepole, namna unavyomlaza mtoto usingizini, nikasimama juu yake nimeinua mkono ili wote waone: ameanguka, basi.

Naapa kwa baba, nilidhani wataacha.

Walishangilia. "Mgeni kamwangusha! Mgeni kamwangusha!" Kisha wakaingia wote kwa pamoja. Hapa aliyesimama anapigwa, aliyelala anauawa. Mimi ndiye niliyewalazia. Sauti ya spana kwenye mfupa ni tofauti na spana kwenye chuma, na mimi sikio langu limefundishwa. Niliwavuta, nikang'ata mtu, nikapigwa mnyororo kichwani. Sarpong alikuwa anamrukia usoni kwa miguu yote miwili, anahesabu kwa sauti, watu wanaitikia. Basi nikamchukua Sarpong. Yeye sikumlaza. Nilimwinua mpaka juu nikamtupa kwenye chasi, bega likatoka, na mfupa wa hapa chini ya shingo ukachungulia nje ya ngozi. Yule kijana alikwisha kufa. Wakamletea tairi na petroli hata hivyo.

Fundi alirudi kutoka sokoni akamkuta mrithi wake anapiga mayowe. Hakuuliza ya mwizi. Aliuliza nani, wakanionyesha. Akawaambia wanishike. Wanne walinishika, nao ni watu ninaokula nao sahani moja. Akauweka mkono wangu wa kulia juu ya ile reli, akaunyoosha vidole, taratibu, kama anayepanga kazi. Akachukua nyundo. Akapiga mara moja. Fundi yule hapigi mara mbili kitu kinachotaka mara moja.

Mganga wa mifupa ameunga alivyoweza. Kidole gumba kinasogea, na kinachofuata kidogo. Vingine vimekuwa vijiti. Chuma sishiki tena. Napuliza mvukuto kwa kushoto, na Fundi ameapa kwamba hataniweka huru maisha yake yote. Nikitoroka bila baraka yake, hakuna uwanja utakaonipokea, na hata mafundi wa kwetu hawatagonga chuma na mtu aliyetoroka.

Sasa Mama Tchalim anataka mikono. Nimemwua mwanawe, nikamlaza wa mama mwingine auawe, na mikono yenyewe sina. Umwambie nini?

Essozimna

*

Lama
10 Agosti 1997

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Nimelia. Kisha nikaacha, kwa sababu machozi hayavunji kitu na mimi nataka kuvunja.

Ningekuja mwenyewe nikamng'oa huyo Twumasi masikio. Lakini ile pombe iliyochemka ilinimwagikia mguuni siku ile ya mitungi, na kidonda hakijafunga. Hilo nalo sikukwambia. Ona tulivyo, mimi na wewe, kila mmoja amekalia kidonda chake akimwuliza mwenzake ya mbuzi.

Kuhusu yule kijana. Hukumuua wewe. Ulimlaza mahali ambapo watu hawajui maana ya kuanguka. Lakini nimechoka kukudanganya, kwa hiyo sitakwambia umsahau. Utambeba. Mbebe, na Tchalim mbebe, mgongo unao.

Kuhusu Fundi. Mimi nilimpa nini? Nyama. Nilisema nyama. Mgongo wako nimeuvumilia, kiganja nimekivumilia, sikutamka neno, kwa sababu ndivyo tulivyopatana. Mfupa nani alimpa? Aliinywa jini yangu juu ya neno lile! Nimemtuma Saibou. Yeye ndiye aliyetafsiri, yeye ndiye shahidi. Nimemwambia asiende kwa Fundi. Aende kwa wazee wa mafundi wa Suame yote, asimame katikati yao na kofia mkononi, amwulize mbele yao: "Nyama tulikupa. Mfupa ulipewa na nani?" Nimemrudisha mara tatu pale mlangoni aliseme tena, maana alikuwa analisema kwa upole.

Mama Tchalim sijamwambia kitu. Maneno hayo ni yako. Yaandike mwenyewe, mimi nitayabeba.

Mazalo

*

Suame
14 Septemba 1997

Dada Mazalo,

Salamu kwako na kwa mguu wako. Mguu upake asali, Saibou anasema. Salamu kwa shangazi.

Saibou alisimama, Dada. Mtu yule mnene, mwoga wa polisi wa mpakani, alisimama katikati ya wazee akaliuliza swali lako kwa sauti ya mnadi. Uwanja mzima ulikuja kusikiliza. Fundi akasema, "Naye alivunja mfupa wa mpwa wangu!" Saibou akamjibu, "Mpwa wako akafungue kesi yake, ataipata. Hapa tunauliza ahadi uliyoinywea."

Mzee wao mkuu, kipofu wa jicho moja kwa cheche za moto, akamgeukia Fundi. "Twumasi, neno hilo lilisemwa?"

"Lilisemwa."

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Jini ya nani?"

"Ya dada yake."

Mzee akafyonya. Akasema, "Wewe umekunywa cha mwanamke aliyetoka nchi ya watu kukuletea mtoto, kisha ukala mpaka na fungu lake." Wakamhukumu aniweke huru siku ile ile, na chupa anunue yeye.

Basi ile siku uliyoitaka imefika, na wewe hukuwepo. Nilipiga magoti. Poda nilimwagiwa, ikaniingia machoni. Fundi akachukua nyundo, na ilikuwa ile ile, naijua kwa ufa wa mpini. Kwa desturi yao anaiweka kwenye mkono wa kulia. Akaiweka. Vidole havikufunga. Ikaanguka.

Hakuna aliyecheka. Nyundo inapaswa kuokotwa na aliyeiangusha, lakini mzee alimwambia Fundi, "Okota." Akainama, na yule ni mtu mwenye kitambi, akainama mbele ya wanagenzi wake wote akaokota. Ikabidi anipe mkono wa kushoto. Hapa kupokea kwa kushoto ni tusi, baraka haipiti huko. Wazee waligeuza nyuso. Dada, alipotamka maneno ya kunibariki sauti ilimkatika katikati, akayarudia. Sikumsamehe. Nilimtazama tu.

Sarpong alikuja baadaye na mkono wake umefungwa shingoni. "Esso, mimi na wewe tukiunganishwa tunatoka mtu mmoja mzima." Mdomo ule hautakufa. Nikamfuta vumbi begani, kama kwetu. Hakuelewa, akadhani nataka kumpiga, akaruka nyuma.

Sasa nakuja. Saibou ana mzigo wa kupeleka Tamale kwanza, kisha tunavuka. Mwambie Mama Tchalim hivi, na usipunguze: mikono aliyoiomba sinayo. Ninao mmoja, wa kushoto, na hata huo bado haujui kulima. Akiutaka ni wake mpaka mmoja wetu afe. Asipoutaka, na awaache wanawe. Wanaijua njia ya kuingia Lama, nami nitapita mchana.

Essozimna

*

Lama
5 Oktoba 1997

Mdogo wangu,

Barua hii nampa mwenzake Saibou wa Tamale, ikukute njiani kabla hujavuka.

Mguu umeanza kufunga. Asali imesaidia, mwambie. Mtama unakaribia kukatwa.

Nilikwenda kwa Mama Tchalim na maneno yako mfukoni, nikamsomea yote, hata ya nyundo kuanguka. Wanawe wawili walikuwepo, yule kibogoyo wangu akiwa mmojawapo. Nilipomaliza, kibogoyo akasimama akasema, "Mkono mmoja wa kushoto? Huyo si mtu, ni deni lililovunjika. Nipeni mimi nimalizie." Mama yake akaweka mkono kwenye fundo la kanga yake. Yule kijana akatoka nje mbio, na mwenzake nyuma yake.

Tukabaki wawili. Kisha akaingia ndani, akatoka na jembe la Tchalim. Tangu afe lilikuwa limetundikwa ukutani, hakuna aliyeruhusiwa kulishika. Akaniambia, "Nyoosha mkono wa kushoto. Mmetoka tumbo moja, kimo chenu ni kimoja." Nikanyoosha. Akauweka mpini kiganjani mwangu, akaupima mpaka kwenye kiwiko, akatia alama kwa ukucha. Akachukua panga akaukata mpini pale pale, ukawa mfupi, wa mkono mmoja.

Amelirudisha ukutani. Amesema matuta ya viazi yanaanza mvua ikikatika, usichelewe.

Mazalo